Binti wa Lumemo anamwogopa nani?

Sisi mafrateri tunaotumwa vigangoni mwisho wa juma tumezoea kuulizwa maswali baada ya sala. Mwaka jana huko Lumemo swali lilikuja kwa njia nyingine. Binti mmoja wa kwaya aliacha kuja mazoezi. Wiki ya pili, mama mmoja wa jumuiya alituita pembeni akatueleza kwa sauti ya chini kwamba binti huyo alikuwa mjamzito. Alipewa vidonge na mtu, akavuja damu siku mbili akiwa amejifungia chumbani, hadi jirani alipogundua na kuita bodaboda wakamwahisha hospitali. Binti alipona, lakini mimba ilikuwa imekwisha kutoka. Hatutaeleza zaidi ya hapo, asije akatambulika.

Tulimuuliza yule mama kwa nini binti hakumwambia mtu yeyote. Akajibu, "Angemwambia nani, frateri? Si aliona mwenzake alivyofanyiwa." Mwenzake huyo alikuwa wa kigango kingine cha bonde hili. Alipopata mimba aliitwa mbele ya viongozi, akanyang'anywa sare ya kwaya, na mtoto alipozaliwa familia ikaambiwa ubatizo usubiri mpaka baba wa mtoto ajitokeze.

Jibu la yule mama ndilo limetufanya tuandike makala hii. Binti wa Lumemo alifanya jambo linalokatazwa na sheria ya nchi na sheria ya Mungu. Lakini siku zile alipokuwa anaamua peke yake, kwa maelezo tuliyopewa, hakuwa akiwaza polisi wala jela. Aliwaza Jumapili ijayo na macho ya watu kanisani. Alituogopa sisi, na tunaona kwamba Mkatoliki anayetetea uhai wa mtoto aliye tumboni anapaswa kuanza kwa kulikubali jambo hilo.

Sheria yetu inasema nini

Tuanze na sheria, maana wengi tunaizungumza bila kuisoma. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema anayefanya kitendo kwa nia ya kumtoa mwanamke mimba anaweza kufungwa miaka 14 (kifungu cha 150). Mwanamke anayejitoa mimba mwenyewe anaweza kufungwa miaka 7 (kifungu cha 151). Anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumika kwa kazi hiyo anaweza kufungwa miaka 3 (kifungu cha 152). Kifungu cha 230 kinamkinga daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama.

Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake. Ibara ya 14 ya itifaki hiyo inataka utoaji mimba uruhusiwe pale mimba inapotokana na ubakaji au maharimu, na pale afya au maisha ya mama yanapokuwa hatarini. Kanuni ya Adhabu haijabadilishwa ili ilingane na ibara hiyo, na wapo wanasheria wanaodai ibadilishwe. Jirani zetu wa Kenya walikwisha pita njia hiyo. Ibara ya 26 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inakataza utoaji mimba, kisha inaweka ruhusa pale mtaalamu wa afya anapoona maisha au afya ya mama iko hatarini. Maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliipinga rasimu kwa sababu hiyo, lakini wananchi waliipitisha katika kura ya maoni ya Agosti 2010.

Mjadala huo utafika kwetu pia. Nchi yetu si ya Wakatoliki peke yao, na hoja ya "Kanisa limesema" haitatosha mbele ya Mwislamu, Mlutheri au mtu asiye na dini. Lakini katika Bonde la Kilombero Kanisa limekuwapo zaidi ya karne moja, kwa shule, zahanati na misioni zake. Hospitali kubwa ya hapa Ifakara ina jina la Mtakatifu Fransisko. Kama kuna mahali ambapo Wakatoliki tunaweza kuonyesha kwa matendo maana ya kutetea uhai, mahali penyewe ni hapa. Tukishindwa hapa, hatuna la kuwaambia wabunge Dodoma.

Tunachokishikilia

Hatuandiki ili sheria ilegezwe. Tunaosoma falsafa tunafundishwa na Mtakatifu Tomaso wa Akwino kwamba sheria ya binadamu haiwezi kukataza kila dhambi, kwa kuwa imewekwa kwa ajili ya watu wengi ambao bado hawajakomaa katika fadhila. Lakini yeye huyo huyo anasema sheria lazima ikataze yale yanayowadhuru wengine, yale ambayo jamii haiwezi kusimama yakiruhusiwa, na anataja mauaji na wizi. Mtoto aliye tumboni ni mtu mwingine. Hana uwezo wa kupiga kelele, kupiga kura wala kuajiri wakili. Tukisema uhai wake unategemea kama anatakiwa au hatakiwi, tumeweka kanuni itakayomfikia pia mgonjwa, mlemavu na mzee. Huo ndio msimamo wa Kanisa, na sisi tunaushika bila aibu.

Pia tusiwape watu picha potofu kwamba Kanisa linamwacha mama afe. Mafundisho yetu yanatofautisha kati ya kumuua mtoto kwa makusudi na kumtibu mama kwa tiba ya lazima, hata kama tiba hiyo itamfikia mtoto bila kukusudiwa. Mwanamke ambaye mimba imeanza kutoka, awe ameitoa mwenyewe au imetoka yenyewe, ana haki ya kutibiwa. Huduma ya namna hiyo inatambuliwa na Wizara ya Afya, na hakuna mafundisho yoyote ya Kanisa yanayoikataza. Tunalisema hili wazi kwa wazazi wanaosoma makala hii: binti akivuja damu, mpelekeni hospitali kwanza. Maswali yatafuata baadaye.

Ambacho sheria haijaweza

Watafiti wa Taasisi ya Guttmacher ya Marekani, wakishirikiana na wenzao wa NIMR na MUHAS, walikadiria kwamba mimba zipatazo 405,000 zilitolewa Tanzania mwaka 2013, na kwamba wanawake wapatao 66,600 walitibiwa katika vituo vya afya kutokana na madhara yake. Ni haki kusema kwamba taasisi hiyo inatetea uhuru wa kutoa mimba, na kwamba kukadiria jambo linalofanyika kwa siri ni kazi ngumu. Lakini hata mtu akiikata hesabu hiyo katikati, bado zinabaki zaidi ya laki mbili kwa mwaka, katika nchi yenye adhabu ya miaka 14. Sheria imeandikwa, na bado watoto wanakufa, na mama zao wanakufa pamoja nao.

Anayesikia hivyo anaweza kusema basi sheria ifutwe. Sisi hatusemi hivyo. Sheria ya wizi nayo haijamaliza wezi. Tunachosema ni kwamba sheria ya adhabu inaweza kumwambia binti asifanye nini. Haiwezi kumpa mahali pa kulala akifukuzwa nyumbani, wala haiwezi kumshika mkono baba yake mwenye hasira. Kazi hiyo imeachwa kwa watu, na kwa Wakristo ni kazi ya jumuiya. Tumekuwa tukiidai serikali itekeleze sehemu yake huku sehemu yetu tukiigeuza kuwa adhabu nyingine.

Tuangalie maisha yalivyo hapa bondeni. Msimu wa mpunga unapoanza, familia nyingi za Ifakara na vitongoji vyake huhamia mashambani, mbali ng'ambo ya mito, wakaishi kwenye vibanda na madungu mpaka mavuno. Watoto wanaosoma hubaki mjini, dada mkubwa akiwa ndiye mama wa nyumba. Dada huyo pengine ana miaka 15. Wengine wanatoka vijiji vya mbali na wamepanga chumba karibu na sekondari, wanachokiita geto. Wanajipikia, na unga ukiisha katikati ya wiki hakuna mzazi wa kuulizwa. Hapo ndipo anapotokea mtu mwenye pikipiki, mwenye duka au hata mwenye cheo, na msaada wake una bei. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshapata mimba. Ni zaidi ya mmoja kati ya kila watano. Hatuwezi kuwaza kwamba wote hao ni watoto wa wasiosali.

Na mwanaume je? Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Adhabu ni kubwa, na pengine kwa sababu ya ukubwa wake familia nyingi huona afadhali kumalizana nyumbani. Wazee hukaa, fedha hutolewa, binti huambiwa asilitaje jina. Mwanaume anarudi kwenye shughuli zake, na Jumapili anakaa benchi lile lile alilokaa siku zote. Hakuna anayemvua sare.

Kanuni za Kanisa zina huruma kuliko sisi

Jambo lililotushangaza tulipofungua Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa ni kwamba sheria hiyo, inayosemwa kuwa kali, ina upole ambao vigango vyetu havina. Ni kweli kwamba anayetoa mimba, ikatoka, anajipatia adhabu ya kutengwa papo hapo. Tangu Desemba 2021 jambo hilo limo katika kanuni ya 1397. Lakini kanuni ya 1323 inasema asiyetimiza miaka 16 hapati adhabu ya Kanisa. Kanuni ya 1324 inaongeza kwamba aliye chini ya miaka 18, na yule aliyetenda kwa kushikwa na hofu kubwa, hata kama hofu hiyo ni kubwa kwake tu, hafungwi na adhabu ya papo hapo. Dhambi ni jambo la kuungama, na hatuifuti kwa maneno haya. Tunachosema ni kwamba Kanisa, kabla ya kuadhibu, linauliza binti alikuwa na miaka mingapi na alikuwa anaogopa nini. Viongozi wetu wa kwaya huwa hawaulizi.

Kanuni ya 1329 nayo inawagusa washiriki. Yule ambaye bila msaada wake tendo lisingefanyika anaweza kuangukia adhabu ile ile. Mwanaume aliyetoa fedha za vidonge na kusema "kamalize tatizo lako" asidhani yuko nje. Kwa sisi wenyewe tunaolelewa seminarini, kanuni ya 1041 inasema mwanaume aliyesababisha mimba kutolewa, ikatoka, au aliyeshiriki kwa kutenda, ana kizuizi cha kupokea daraja takatifu. Kwa hiyo Kanisa linamtafuta pia mwanaume. Sisi vigangoni tunamwona msichana peke yake, kwa sababu tumbo lake ndilo linaloonekana.

Tena tangu Novemba 2016, Papa Fransisko alipohitimisha Mwaka wa Huruma, kila padre ana mamlaka ya kumwondolea dhambi hii yeyote anayeiungama kwa majuto. Haihitaji barua kwa askofu wala safari ndefu. Wapo wanawake katika parokia zetu wanaobeba jambo hili miaka 20 wakidhani hakuna padre anayeweza kuwasikiliza. Tunaomba habari hii isomwe kwenye matangazo, mara zaidi ya moja.

Kuhusu ubatizo, kanuni ya 868 inataka mzazi mmoja walau akubali, na pawe na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani. Haidai cheti cha ndoa. Papa Fransisko, tangu akiwa askofu mkuu wa Buenos Aires, aliwakemea wazi mapadre waliowakataa watoto wa mama wasioolewa. Mama ambaye angeweza kutoa mimba kwa siri, akachagua kuzaa mbele ya watu wote, amefanya kile tunachokihubiri. Tukimrudisha mlangoni na mtoto wake, tunamwambia binti anayetazama kutoka benchi la nyuma kwamba mwenzake aliyetumia vidonge ndiye aliyekuwa na akili.

Hoja ya wenzetu

Tumejadiliana jambo hili na wenzetu chumba cha mapumziko, na hoja yao si ya kudharau. Wanasema tukimpokea binti mjamzito bila adhabu, wengine wataona uzinzi ni jambo la kawaida, na kwaya itageuka mahali pa kashfa. Tunaielewa hofu hiyo. Wazazi wanataka kanisa liwe mahali pa malezi, na kosa la hadharani linahitaji kutajwa kuwa kosa.

Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, adhabu yetu haiadhibu uzinzi. Vijana kadhaa wa kwaya wanaweza kuwa na dhambi hiyo hiyo wakaendelea kuimba. Tunaadhibu mimba. Binti akiiondoa mimba, sababu ya kumwadhibu inaondoka nayo, na hakuna atakayemgusa. Bila kukusudia tumeweka malipo kwa utoaji mimba. Pili, malezi hayakomi kwa kumpokea mtu. Katekista anaweza kuzungumza naye, paroko anaweza kumwongoza kwenye kitubio, wazazi wanaweza kumkanya. Hayo yote yanawezekana akiwa ndani. Akiwa nje hayawezekani.

Serikali yenyewe imebadilika. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule, na Juni 2017 Rais wa wakati huo alitangaza kwamba aliyezaa hatarudi katika shule za serikali. Tarehe 24 Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi. Leo binti wa Lumemo aliyejifungua anaruhusiwa kuketi tena darasani. Itakuwa aibu kwetu akiruhusiwa darasani na akakataliwa kwenye kwaya.

Tufanye nini

Hatuna fedha za kujenga nyumba ya kulelea mama wadogo, ingawa tungependa jimbo letu, lililoanza mwaka 2012, siku moja liwe nayo. Lakini yapo mambo yasiyohitaji fedha nyingi.

Kila jumuiya ndogondogo iwe na mama mmoja au wawili, pengine kutoka WAWATA, wanaojulikana kwa wasichana wote kuwa ndio wa kuendea. Wawe watu wanaotunza siri, na kazi yao ya kwanza iwe kwenda pamoja na binti kwa wazazi wake, asiende peke yake. Wakati wa kilimo, mama hao wapite kwenye nyumba zilizoachiwa watoto na kwenye mageto, wajue nani ameishiwa chakula.

Kwaya na vyama vya kitume vifute taratibu za kumfukuza binti kwa sababu ya mimba. Kama lipo jambo la kurekebisha, alishughulikie paroko, si mkutano wa hadhara. Vijana wa kiume wa VIWAWA na TYCS wafundishwe waziwazi wajibu wao, pamoja na zile kanuni tulizozitaja.

Parokia imsaidie binti kurudi shule. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kuongozana naye mpaka ofisi ya mkuu wa shule na mtu wa kumshikia mtoto saa za masomo. Asiyeweza kurudi sekondari asiachwe hapo. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kipo hapa hapa Ifakara, na ufundi ni mkate.

Na sisi mafrateri tuache kuhubiri juu ya utoaji mimba kana kwamba wanaohusika hawapo kanisani. Wapo. Kila tunaposimama kwenye mimbari za vigangoni kuna binti anayetusikiliza kwa makini kuliko wote, akipima kama anaweza kutueleza jambo lake.

Binti wa Lumemo hajarudi kwaya. Yule mama wa jumuiya anakwenda kwao kila wiki, anakaa naye, wakati mwingine wanasali, wakati mwingine wanachambua mchele tu. Tumemwomba amwambie kwamba nafasi yake ipo, na tumezungumza na mwalimu wa kwaya ili maneno hayo yawe ya kweli. Tunaomba kila anayesoma makala hii akazungumze na mwalimu wa kwaya wa kigango chake, kabla binti mwingine hajalazimika kuamua peke yake.